Boza Lililozaliwa Kubeba Maziwa

Ndubwi! Kisha kimya cha muda wa kupiga chafya moja. Halafu ndubwi tena, safari hii nyuma ya kisogo chako kabisa, na gari ambalo lilikuwa limeshasimama linasogea mbele hatua moja lenyewe, kama ng'ombe aliyesukumwa makalioni. Nikifumba macho naisikia mpaka leo. Ni maji ndani ya tangi yakigonga ukuta wa mbele, yakirudi nyuma, yakijikusanya, yakija tena.

Wadogo zangu mliojiunga na kikundi chetu cha kuzima moto, mmeniomba niandike niliyojifunza kwenye boza kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Nina miaka arobaini na moja tu, msianze kuniita bibi. Kilichostaafu ni goti la kushoto, mimi nimelisindikiza. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta koma mahali pasipo pake iruke muendelee.

Nianze na boza lenyewe, maana wengi wenu mmelikuta limeshapakwa rangi nyekundu mkadhani lilizaliwa hivyo. Lile gari lilikuwa la kubeba maziwa huko Njombe. Kikundi kililinunua likiwa limechoka, likaletwa kwetu huku upande wa Maposeni, na mwaka wa kwanza wote jua likiwaka lilikuwa linanuka mtindi. Paka wa kijiji kizima walikuwa wanalala chini yake. Sasa, tangi la maziwa ndani ni tupu moja kwa moja, halina kuta za kuyakata maji yasikimbie. Wanasema ni kwa sababu ya usafi, maziwa yasigande kwenye kona. Kwa maziwa sawa. Kwa maji, na kwa barabara zetu za kushuka mabondeni, ni kaburi linalotembea. Likijaa hadi mfunikoni linatulia, maji hayana pa kwenda. Likiwa tupu ni lori tu. Likiwa nusu, ndugu zangu, lita elfu tatu zinakimbia huku na huku kama watoto waliofungiwa ndani siku ya mvua.

Haya nilifundishwa na Mzee Longino, dereva wetu. Tulikuwa tunamwita Dadi, yaani baba kwa Kingoni, hata wale ambao baba zao walikuwa hai na wanasikia wivu. Mtu mfupi, mpole, anaendesha akiwa amekalia mto ili aone mbele. Siku ya kwanza nilipokwenda kujiandikisha alinitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba.

"Shikamoo, Dadi."

"Marahaba. Umekuja kuleta chakula?"

"Nimekuja kuwa utingo."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanipa fyekeo na kuniambia nisafishe nyasi kuzunguka gari, na nilipomaliza akanipa spana, na nilipomaliza akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mshahara haukuwepo jana, haupo leo, na nyinyi msiuulize.

Mtu wa tatu kwenye boza alikuwa Rashidi wa pampu. Huyu alitoka Tunduru, alifuata mke huku kwetu akabaki, na kila kitu chetu alikipima kwa korosho. Moto mdogo ulikuwa "huu hata kubangulia korosho hautoshi." Moto mkubwa, "huu sasa tungekaanga za Tunduru nzima." Alikuwa haendi popote bila kusema bismillahi, hata kufungua koki, na Dadi alikuwa akijibu kwa ishara ya msalaba. Mimi katikati yao nilikuwa nalindwa pande zote.

Rashidi ndiye aliyenifundisha kuilisha pampu. Sikilizeni vizuri, kwa sababu hata pampu mpya mlizonazo ni vilevile. Pampu haiwezi kuvuta hewa. Kabla ya kuiwasha mtoni, jaza maji ule mpira wa kunyonya na tumbo la pampu lenyewe, funga, ndipo uwashe. Mimi mara ya kwanza niliwasha kwanza nikangoja maji. Nikangoja. Ikaanza kunuka. Rashidi akaja mbio, "Wewe Otilia, umeipa nini ile?"

"Sijaipa kitu."

"Ndiyo hivyo sasa. Inakula matumbo yake."

Halafu kuna chujio la mwisho wa mpira. La kwetu lilipotea mtoni, na msimu mzima tulifunga kitambaa cha kuchujia togwa, mali ya mke wa Dadi. Kilifanya kazi nzuri kuliko chujio la dukani. Tatizo ni kwamba alikuwa anakihitaji Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi tulikuwa tunaomba Mungu pasiungue mahali, na Jumapili tukinywa togwa yenye harufu ya vyura. Hakuna aliyethubutu kusema. Padri alikunywa vikombe viwili akasifu.

Na haya mengine niliyapata kwa kuunguaungua. Usivae nailoni, inayeyukia mwilini. Vaa pamba, hata kama ni gauni la zamani la bibi yako juu ya suruali. Gari likifika kwenye moto, kitu cha kwanza kabla hujashuka ligeuzwe litazame njia ya kutokea. Usisimame mbele ya moto ukimwaga maji kwenye ndimi zake kama unamwagilia bustani, utaishiwa maji na moto utakuwa unakucheka. Ingia ubavuni, simama palipokwisha kuungua, piga chini kwenye shina la moto. Ukiisha kuzima, rudi tena. Mavi ya ng'ombe makavu yanaweza kushika moto kimyakimya kutwa nzima, upepo wa saa nane ukaja ukayaamsha. Mwaka ule tuliokwenda kusaidia kwenye misonobari upande wa Madaba, nilitumwa kuzunguka na ndoo kutafuta mavi ya ng'ombe yanayofuka. Nilipiga simu nyumbani kumweleza mama kazi niliyopewa na kikundi. Akasema, "Na shamba letu la maharage lina majani, mwanangu."

Siku hizi mambo yamerahisishwa. Sisi tuliitwa kwa kugonga rimu ya lori iliyoning'inizwa ofisi ya kijiji, nyinyi mnaitwa kwenye simu, na kuna mwenzenu mmoja, simtaji, aliyejibu mwito wa moto kwa kidole gumba halafu akaendelea kula. Sina ugomvi na simu. Kwenye simu ndiko nilikoiona ndege inayomwaga maji kutoka angani, nikaitazama mara tisa. Mpaka leo naota naiendesha juu ya bonde letu, nimevaa miwani, watu wanapunga mikono chini. Goti halihitajiki kwenye ndege. Sijakata tamaa.

Maana mimi tangu siku ile ya kwanza nilikuwa na ndoto moja: kushika usukani. Na hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha, kwenye kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, ule wakati ambao nyasi zikikanyagwa zinalia, na watu wanasafisha mashamba kwa moto wakingoja mvua. Kisima cha kijiji kilikuwa kimeharibika wiki ya pili. Akina mama walikuwa wanashuka mtoni na kupanda mlima na ndoo kichwani, wengine na watoto mgongoni. Dadi alikuwa Peramiho, alimpeleka mkewe kutazamwa macho, na Rashidi alikuwa shambani kwake. Mimi nimeachiwa boza, limejaa hadi mfunikoni, nalifuta vumbi.

Akapita Bibi Skola. Huyu alikuwa mjane, nyumba yake ya mwisho kabisa kule bondeni, ghala lake la mahindi nyuma yake, halafu msitu. Ndoo tupu mkononi.

"Oti mjukuu wangu, hilo litumbo limeshiba hivyo linangoja nini?"

"Linangoja moto, bibi."

"Na sisi tunangoja nini?"

Nikawaza ndoo moja si kitu. Nikafungua koki. Nani alijua kwamba koki ikifunguliwa kijiji kinasikia? Mara wakawa watano, mara kumi, mara foleni mpaka kwenye nyumba ya fundi cherehani. Wananiita majina mazuri. Wananiombea mume. Kesho yake jioni wakarudi na madumu na mabeseni, na mimi nikafungua tena, maana utamfukuzaje mama mwenye mtoto mgongoni? Ilipofika jioni ya pili niligonga tangi kwa ngumi, juu likalia kama ngoma, chini likanyamaza. Nusu.

Nikajiambia Dadi akirudi nitamwambia, tutashuka mtoni kujaza, kazi ya saa moja.

Dadi akarudi asubuhi, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Otilia, nimezungumza na mwenyekiti. Mvua zikianza utakwenda Songea mjini kujifunza udereva. Kikundi kitakulipia. Nimemwambia sijaona mtu mwenye uangalifu kama wewe."

Mwenye uangalifu. Basi nikashindwa. Nikasema nitamwambia baada ya chai, na baada ya chai nikasema baada ya kufagia, na nilikuwa nimeshika ufagio rimu ilipogongwa.

Moto ulikuwa umetoka kwenye shamba la mtu aliyechoma peke yake bila kuita majirani, ukashika msitu, ukawa unateremka kuelekea bondeni. Kwa Bibi Skola. Tukarukia ndani, Rashidi akasema bismillahi, Dadi akapiga msalaba na gia kwa mkono mmoja. Kutoka pale hadi mteremko ni barabara iliyonyooka, kama mita mia tatu. Mita mia tatu nilikuwa nimekaa katikati yao na maneno mdomoni. Ningeweza kusema, "Dadi, ni nusu." Maneno matatu. Nikatazama mikono yake kwenye usukani.

Akakanyaga breki pale kona ya mteremko, kama anavyokanyaga siku zote gari likiwa limejaa.

Ndubwi!

"Oti! Maji yako wapi?"

Maji yalijibu yenyewe. Yalitusukuma mbele, kisha yakahamia kulia sote tukahamia kulia, magurudumu ya upande mmoja yakawa mepesi, na Dadi, Mungu ambariki, akaliacha gari liingie mtaroni kuliko kulilazimisha kona likabingirika. Likaegemea ukingo kama mlevi. Rashidi alipasuka mdomo. Dadi aliniangalia mara moja, akachukua matawi.

Tukakimbia kwa miguu. Kijiji kizima kilikimbia. Tulipiga moto kwa matawi mabichi, na akina mama wakaja na maji kutoka majumbani kwao, yaani maji yangu, yaliyobaki. Mmoja alikuja na beseni alilokuwa anafulia, povu juu, soksi ya mtoto inaelea. Akamwaga kwenye paa, moto ukazima fyuu. Rashidi, damu kidevuni, akasema, "Haya sasa, hata povu tunalo kama wa mjini!" Watu wakacheka huku wanakohoa moshi. Nyumba tuliiokoa. Ghala halikuokolewa. Magunia kumi na moja ya mahindi ya Bibi Skola yaliungua huku yakipasuka kama bisi, na yeye amesimama amejifunga kanga kiunoni. Lile boza lingefika likiwa limejaa, tungeliokoa ghala. Hili halina mjadala.

Siku ya tatu kikaitishwa kikao darasani, shule ya msingi, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Ajenda ilikuwa moja: Mzee Longino na kona. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na kijiji nyuma yake.

"Mzee, kona ile umeipita miaka mingapi?"

"Mingi."

"Siku ile kulikuwa na nini?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Breki mbovu?"

"Hapana."

Mtu nyuma akasema macho, mwingine akasema umri, mwingine, ambaye sitamsamehe mpaka kesho, akasema labda ulanzi, ile pombe ya mianzi. Dadi ambaye hata togwa ikikaa siku mbili haigusi! Akasimama, akatoa ufunguo mfukoni, ukiwa na kile kikamba cha katani, akauweka juu ya meza ya mwalimu. "Basi mtafuteni kijana," akasema. Wala hakunitazama. Alikuwa anajua kila kitu, aliyasikia maji kwa masikio yake, na alikuwa tayari kushuka kwenye gari lake kabisa ili mimi nipande.

Sijui nilisimamaje, maana yale madawati ya darasa la kwanza yanakubana mapaja. Nadhani nilisimama na dawati.

"Tangi lilikuwa nusu," nikasema. "Dadi hakujua. Mimi niliyagawa maji jioni mbili, na nilipata nafasi ya kumwambia sikumwambia. Niliogopa nisipelekwe kujifunza gari."

Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena.

"Uligawa ndoo ngapi?"

"Sikuhesabu."

Hapo mama mmoja dirishani akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi nilichukua tatu."

"Mimi mbili," akasema mwingine. "Na beseni."

"Madumu manne."

"Sema ukweli, mama Asumpta, ulirudi!"

"Haya, sita! Nina wageni!"

Ikawa kama mnada. Kila mama anasimama na namba yake, wanaume wanageuka kuwatazama wake zao, na mwalimu mkuu, kwa mazoea tu, alikuwa anaandika ubaoni kwa chaki. Ubao ulipojaa, akasimama Bibi Skola.

"Nne," akasema. "Na mimi ndiye niliyeanza." Akakaa. Kisha akasimama tena. "Mpeni Longino ufunguo wake, nina njaa, nataka kwenda nyumbani." Na watu walipokuwa wanatoka kila nyumba iliahidi debe la mahindi kwake, na yule wa ulanzi akaahidi matatu.

Mimi nilihukumiwa vizuri tu. Nisiguse boza mpaka mvua zianze, na safari ya mjini iahirishwe mwaka mmoja. Mlangoni Dadi alinisubiri, ufunguo mkononi.

"Nisamehe, Dadi."

"Maji kuwapa watu si kosa," akasema. "Hata mimi ningewapa. Lakini ungeniambia, Oti. Nusu nayo inaendeshwa. Ningekwenda na gia ya pili, tungechelewa dakika tatu, tungefika." Akavaa kofia yake. "Mahindi ya yule mama ni dakika tatu zile." Akaenda zake polepole, na yale ndiyo maneno makali kuliko yote aliyowahi kunipa.

Niliendesha baadaye, mnajua, miaka sita, mpaka goti. Lakini siku ninayotaka muijue ni ile iliyofuata kikao. Boza lilikuwa limevutwa na trekta kutoka mtaroni usiku wa kuamkia siku hiyo, likaegeshwa ofisi ya kijiji, na hakuna aliyekuwa na uhakika ndani mmebaki nini. Asubuhi nilikuwa napita na jembe naelekea shambani. Hapakuwa na mtu. Nilijua nimekatazwa kuligusa. Nikaegemeza jembe, nikakata mwanzi mrefu kwenye ua wa ofisi, nikapanda ngazi ya nyuma, nikafungua mfuniko, nikauchovya hadi sakafuni na kuutoa. Mwanzi ulikuwa umelowa chini ya nusu, kama viganja vinne. Nikafunga, nikashuka. Mfukoni nilikuwa na kipande cha chaki, nilikiokota darasani sijui kwa nini. Nikaandika kwenye mlango wa dereva, kwa herufi kubwa, pale ambapo mtu hawezi kuingia bila kupaona: MAJI CHINI YA NUSU. Nikarudi nyuma nikatazama. Kisha nikasogea tena, nikaandika chini yake: OTILIA. Chaki ilikuwa nyembamba na mlango una vumbi, jina halikushika vizuri. Nikaufuta mlango kwa kanga, nikaliandika upya.